Mkono wa Baridi na Bidoni Tisa

Nilipokuwa na umri wa kufukuza ndege shambani, umri ambao kwetu Bwegera huanza mara tu mtoto akiweza kurusha bonge la udongo likafika mahali, nyumba nzima ilijua kwamba nina mkono wa baridi. Hakuna aliyenificha. Ilisemwa mbele yangu, kama inavyosemwa kwamba fulani ana masikio makubwa. Mwenye mkono wa baridi akipanda, mbegu hulala. Akiwekea kuku mayai, yanaoza. Mimi nilikuwa nimepanda na mbegu zilikuwa zimelala, kwa hiyo kesi yangu ilikwisha kabla sijajua kwamba kuna kesi.

Maneno hayo yalianza kwa koko, bibi yangu mzaa baba. Sitaki kumsema vibaya, maana alinilea na alinipenda kwa namna yake ya kufokafoka. Shamba lake la mpunga lililokuwa kando ya mfereji lilitulisha sote. Baba alikuwa ameshuka Uvira kutafuta kazi bandarini, na tulimsikia pale tu alipopata kitu cha kutuma. Mwaka ambao mpunga ulikataa, tulikula mara moja kwa siku na koko alijifanya hana njaa. Mtu aliyepitia hayo huangalia kwa makini mkono unaoingia kwenye mbegu zake.

Kupanda kwetu kulikuwa na utaratibu wake. Mbegu zililowekwa majini, zikatiwa kwenye gunia na kufunikwa majani ya migomba mpaka zitoe pua. Siku ya kumwaga kwenye kitalu, koko alianza, wakafuata mama zetu, kisha watoto. Kila mtu alichota gunia likizidi kushuka. Binamu yangu Mapendo, mtoto wa baba mdogo, alikuwa na mkono wa moto, kwa hiyo koko alimweka karibu naye, pale katikati. Mimi niliachiwa mwisho kabisa, na zile za chini ya gunia, kwenye pembe ya mferejini ambapo mabata ya jirani yalipandia. Halafu wiki moja baadaye watu wazima walikuja kusimama kwenye pembe yangu na kutikisa vichwa. Leo nikikumbuka hilo nacheka mpaka machozi, lakini siku zile niliamini kama wao. Nilikuwa nautazama mkono wangu wa kulia jioni na kuushika kwa wa kushoto, nione kama kweli una baridi.

Mambo yakabaki ya mbegu hadi pale mdogo wangu Espoir alipougua. Alikuwa bado ananyonya, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mchana kutwa mama akiwa shambani. Akaanza kukonda. Homa ilikuja ikaondoka, ikaja tena. Asubuhi moja koko mwenyewe alimfungua kutoka mgongoni mwangu, bila kelele, akamkabidhi mama.

"Asimuguse tena," akasema. "Ule mutoto iko na mukono ya baridi. Leo ni mupunga, kesho ni muntu."

Mama akanyoosha mikono. Alimpokea mtoto, na mimi nikabaki nimeshika kile kitenge kitupu. Baadaye nilisikia koko akisema kwamba kazi ya kupanda ikimalizika nitapelekwa kwa mama mtumishi, kwenye nyumba moja ya maombi iliyokuwa mbali kidogo na kwetu. Kila mtoto wa mtaani alijua nyumba ile. Waliolazwa pale walinyimwa chakula mpaka wakiri kwamba ni wachawi. Msichana mmoja wa jirani alipelekwa akiwa msumbufu, mwenye kelele na michezo, akarudi amenyolewa na anaongea kwa sauti ndogo. Nilikuwa namwogopa msichana yule kuliko nilivyoiogopa nyumba yenyewe.

Katika siku hizo ndipo tantine Sifa, shangazi yangu, alipofika kwa likizo. Alikuwa mdogo wa mwisho wa baba, alisoma kilimo Uvira, na alikuwa mtu wa kucheka kwa nguvu na kugombana na koko kuhusu kila kitu, hata chumvi. Alinikuta nimekaa peke yangu nyuma ya jiko. Akasikia habari yote kwa mama. Nilisubiri ampigie koko kelele, na naona koko naye alisubiri, maana alikuwa amekwisha kuweka mikono kiunoni. Tantine akakaa chini kwenye kigoda.

"Mama, weye unajua je kama ni yeye?"

"Minye niko na macho. Kila mwaka pembe yake inakosaka."

"Na pembe za wengine? Hazikosake hata kidogo?"

Koko alifikiri. Alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo. "Zinakosaka. Kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Nani anahesabu kintu kama ile!"

"Njo ile nasema," akasema tantine. "Za huyu tunahesabu. Za wengine hatuhesabu."

Wakabishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe tantine akatoa shauri lake. Tuchukue bidoni, yale madumu ya mafuta yaliyokwisha, tuzikate, tuzijaze tope la mfereji uleule. Mbegu zote zichanganywe katika beseni moja, pasiwe na za juu wala za chini. Mimi nipande mbili, Mapendo mbili, koko mwenyewe mbili, idadi sawa ya mbegu kila moja. Alama ichorwe kwa kisu chini ya kitako, zichanganywe mpaka asiwepo anayejua ipi ni ya nani, kisha koko azimwagilie na kuzilinda. Zikiota, koko achague mbili mbaya kuliko zote. Zikigeuzwa zote mbili zikawa zangu, basi.

"Basi nini?" koko akauliza.

"Basi minye mwenyewe nitamupeleka kwa mama mtumishi."

Nilikuwa nasikiliza upande wa pili wa ukuta wa matete. Nilimchukia tantine kwa pumzi moja nzima. Nilidhani amekuja kunitetea, kumbe amekuja kuniwekea mtego wenye bidoni. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba koko asingekubali kuangalia kitu ambacho kingeweza kusema upande mmoja tu.

Ndipo mama akaongea. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kunyamaza, mkwe katika nyumba ya mama mkwe, na sijui alipata wapi nguvu.

"Na kama ni bahati mubaya tu? Kama mukono yake haina kintu, na mbili zake zinakosa bule?"

Tantine akainuka. Aliingia jikoni akatoka na chungu kidogo. Akatia ndani maharage mawili mekundu na manne meupe, akasema mekundu ni bidoni za Feza, yaani mimi, na meupe ni za wengine. Akamwambia koko atumbukize mkono bila kutazama, atoe mawili. Haya maharage hayana baridi wala moto, akasema, kwa hiyo tuone bahati peke yake inafanya nini. Koko akatoa, akarudisha, akatikisa chungu, akatoa tena. Jeupe na jekundu. Meupe mawili. Jekundu na jeupe. Haukupita muda mrefu akafungua kiganja na mekundu yote mawili yakawa yamelala pale.

Watu walisogea kutazama. Mama akasema, "Munaona? Harage inamuhukumu mutoto wangu. Mwongeze bidoni."

Nampenda mama kwa mambo mengi, lakini kwa sentensi ile nampenda zaidi. Mtu mwingine angelia. Yeye alidai bidoni.

Zikapatikana tisa, kwa kuzunguka kwa majirani, na nyingine zilikuwa bado zinanuka mawese. Tatu zangu, tatu za Mapendo, tatu za koko. Sasa ikawa lazima zile tatu mbaya kabisa ziwe zangu zote. Koko akarudi kwenye chungu na maharage matatu mekundu na sita meupe, akatoa matatumatatu mpaka mkono ukachoka. Mawili mekundu pamoja na moja jeupe yalikuja, tena si mara moja. Mekundu matatu hayakuja.

"Ile njo itakuwa ngumu kuita bahati," tantine akasema. "Tunapatana? Tatu, njo mukono. Mbili, haiko kintu."

"Tunapatana," koko akasema. "Na hata ikiwa tatu, ule mutoto mudogo munapeleka hospitali. Sitaki museme nilikataza."

Basi ndivyo tulivyopanda. Nakumbuka nilimwaga haraka mpaka mbegu mbili zikaanguka nje, na tantine akazirudisha moja moja bila kunitazama. Mama aliondoka na Espoir kesho yake, wakapanda pikipiki kwenda hospitali ya Lemera, juu milimani ambako baridi yake ni baridi kweli. Nilibaki na koko na bidoni.

Sijawahi kuona mtu akilinda kitu vile. Koko alizipanga ndani ya uzio wa jiko, akawafukuza kuku, akamwagilia kwa kikombe kilekile, kimoja kwa kila bidoni. Asubuhi aliinama juu yake na kuguna. Mimi nilikatazwa kusogea, lakini nilichungulia. Majani yalipoanza kutoka, membamba kama sindano, niliyahesabu kwa mbali nikajaribu kukisia zipi ni zangu, na kila bidoni iliyochelewa ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekwisha kujihukumu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba sikungoja hata koko.

Siku ya kufungua, mama alikuwa amerudi. Espoir alikuwa amekaa mapajani mwake, mwembamba bado, lakini anavuta hereni za mama na kupiga kelele. Lemera walisema ni malaria na minyoo, wakampa dawa. Mama Mapendo, yaani mke wa baba mdogo, mtu aliyejivunia sana mkono wa binti yake, akasema mbele ya wote kwamba mtoto amepona kwa sababu Feza hakumgusa.

"Na dawa alimeza nani?" tantine akauliza. "Weye?"

Koko akaamuru watu wanyamaze. Akapita kwenye bidoni zote tisa, akarudi, akapita tena. Akahesabu majani pale alipokuwa na shaka. Akaziweka tatu pembeni, na kweli zilikuwa mbaya, zenye vipara. Kisha akaigeuza ya kwanza upande, akatazama kitako.

Alama yangu.

Akageuza ya pili. Alama yangu.

Nilimtazama mama, na mama alikuwa amefumba macho. Tantine, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo duniani, alikuwa amejishika shingo kwa mikono miwili. Ndipo nikajua kwamba na yeye aliogopa, kwamba hakuwa na jibu mfukoni. Koko akaishika ya tatu, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. Akakaa hivyo.

"Ni ya nani?" mama akauliza.

"Ni yangu," koko akasema.

Nadhani nilicheka. Naambiwa nililia. Mama Mapendo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuongea, akasema hata hivyo mbili zinatosha, nani haoni, mbili kati ya tatu! Na nikamwona koko akiyumba. Ilikuwa rahisi sana kukubali. Kwa miaka yote alikuwa amemhukumu mtu kwa pembe moja, na hapa ana bidoni mbili. Tantine alifungua mdomo, lakini koko akamzuia kwa kiganja. Akaenda mwenyewe kuchukua chungu. Akakaa chini, akatikisa, akatoa.

Meupe mawili na jekundu. Meupe matatu. Kisha mekundu mawili na jeupe. Akayatazama. Akarudisha, akatoa, na baada ya muda yakaja tena vilevile, mekundu mawili na jeupe, kutoka katika chungu ambacho hakijawahi kupanda kitu.

"Tulipatana tatu," koko akamwambia Mama Mapendo. "Mbili, hata chungu inazitoa."

Kesi ikaisha. Watu wakatawanyika, wengine wakiwa wamekasirika kwa sababu hakuna kilichotokea. Nilikaa pale pale chini, na nilijisikia mwepesi, mwepesi wa mtu aliyetua mzigo ambao hakujua umepanda kichwani lini. Koko hakuondoka. Aliendelea kutoa maharage peke yake, sijui kwa nini, labda mikono ilitaka kazi. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima alipofungua kiganja na kubaki amekishikilia hivyo.

Yalikuwa mekundu matatu.

"Sifa," akaita. "Hata hii?"

Tantine akaja, akatazama. "Hata hii, mama. Inakuja mara chache sana. Lakini inakuja."

Koko akayatazama yale maharage, halafu akanitazama mimi. Uso wake sikuwahi kuuona vile, wala kabla wala baadaye. Alimwaga maharage yote ndani ya beseni la mboga, akafunika chungu kwa kitambaa, akainuka kwa shida. Akaenda kwa mama, akamchukua Espoir mapajani, akamleta kwangu. Akanigeuza kwa bega, akamweka mgongoni mwangu na kumfunga mwenyewe kwa kitenge, akakaza fundo mara mbili.

"Usimuangushe," akasema.

Sasa naishi Uvira, nashona nguo katika kibanda kisicho mbali na ziwa, na wateja wakisubiri vifungo vyao hunieleza mambo. Kwamba kuna dawa ya kupata mtoto wa kiume, jirani aliinywa na akapata. Kwamba kitambaa cha kijani kikikatwa Ijumaa mwenye nguo huugua. Huwa sibishani. Nauliza tu: waliokunywa wakapata wasichana wako wapi, na waliougua kwa kitambaa chekundu ni wangapi? Wengine hukasirika, wengine hufikiri. Mmoja aliniambia nina roho ya mashaka. Nikamwambia ndiyo, ilinisaidia kubaki na nywele zangu.

Tantine yuko hai, amenenepa, bado anagombana kuhusu chumvi. Mwaka uliopita nilimuuliza angefanya nini kama ile ya tatu ingekuwa yangu. Aliacha kucheka. Akasema amejiuliza hilo kuliko swali lolote la mtihani, na usiku wa mwisho kabla ya kufungua bidoni alikuwa amefunga mzigo wake na wangu pamoja, ili ikiwa tatu tutorokee Uvira usiku. "Lakini niliahidi," akasema. "Bila kuahidi, koko hangeangalia." Sikumuuliza zaidi. Kuna vitu ambavyo mtu akivikosa kwa umbali wa bidoni moja, inatosha kushukuru.

Nimejifunza pia kutojidanganya. Bidoni hazikusema kwamba mkono wangu ni wa moto. Hakuna aliyethibitisha hivyo, na wala sijui kama mkono una joto lolote zaidi ya la damu. Zilisema tu kwamba hapakuwa na sababu ya kunitenga, na kwa mtoto aliyekuwa akijishika mkono jioni ili aupime, hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Sikuhitaji kuwa mwema kuliko wengine. Nilihitaji tu nihesabiwe kwa hesabu ileile ya wengine.

Msimu uliofuata, siku ya kumwaga mbegu, nilikwenda kukaa mahali pangu pa mwisho, kule mferejini. Koko alikuwa amesimama katikati ya kitalu na gunia limejaa, halijaguswa bado. Akaita jina langu. Nikadhani ni kuleta maji. Akanishika mkono, ule wa kulia, akautumbukiza ndani ya gunia mpaka kiwiko, kwenye zile mbegu za juu zenye uvuguvugu, akasema nianze. Nikaanza, mbele ya wote.

Baada ya wiki moja tulikwenda kutazama. Ilikuwa imeota vizuri, ila pale nilipopita mimi palikuwa na kipara, kikubwa kama mkeka wa mtu mmoja. Nilikiona kabla yake. Nikasimama, nikingoja kichwa chake kitikisike. Koko alikitazama kipara kile, akatazama juu kwenye waya ambako ndege walikuwa wamejipanga, akaokota bonge la udongo.

"Ni ndege," akasema, akarusha, na tukaendelea kutembea.